Ngemi Nne

Siku mtoto wa Njoki alipozaliwa bila pumzi, nyanya yake Wacuka hakulia. Alimuuliza muuguzi, "Alikuwa wa kiume au wa kike?" Muuguzi akasema wa kiume. Wacuka akamshukuru kama mtu aliyeelekezwa njia, akainua kikapu chake chenye chupa ya uji, akashuka ngazi za hospitali. Nje akaumwaga uji ule kwenye mtaro, akaisuuza chupa mferejini, akaenda zake mtaani Bahati kwa miguu. Alipofika nyumbani alizikunja nepi zote alizokuwa amezitayarishia mjukuu, akazisukuma chini ya kitanda cha bintiye.

Majirani walisema mama yake Njoki ni jasiri. Yeye mwenyewe alijua kwamba ujasiri haukuwamo. Alikuwa kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu: upo, unauona kwa macho, lakini ukiufinya hauna habari nawe.

Huo ulikuwa mwaka wa sabini na nane. Mtaa wa Bahati ulimjua Wacuka kwa sauti yake kabla ya kumjua kwa uso. Kwa Wakikuyu mtoto hapokelewi kimya. Hupigiwa ngemi, yaani vigelegele, na ngemi hizo zina hesabu: tano kwa mvulana, tatu kwa msichana. Zamani mtu aliyekuwa akilima ng'ambo ya bonde aliinua kichwa, akahesabu, akainama tena kwenye jembe lake. Alikuwa amekwisha kupata habari yote. Mjini hakuna bonde, lakini desturi ilipanda basi pamoja na wenyewe. Wanawake waliokuwa wakifua mferejini Bahati walihesabu vilevile, na kabla ya mtoto kufunguliwa blanketi walikwisha kujua kama ni wa kubeba maji au wa kuvunja vioo vya watu kwa mpira.

Mambo mengine mengi yalibaki nyuma. Wacuka alipokuwa msichana alitobolewa masikio, ndewe zikapanuliwa kwa vijiti mpaka zikaning'inia, tayari kwa mapambo ya utu uzima. Kisha akataka kubatizwa ili afungishwe ndoa kanisani. Wakubwa wa misheni wakasema masikio yale ni ya gizani, yakakatwa na kushonwa. Kovu lilibaki kila upande, gumu kama ukingo wa soli, na pale hakuwa na hisia yoyote. Mbu aliyetua hapo alikunywa akashiba, akaondoka bila kubughudhiwa.

Ngemi hazikushonwa. Kanisa liliziacha, hata likazipenda. Zikapigwa kwa maharusi, kwa askofu, kwa mabati mapya ya paa. Katika chama cha akina mama wa kanisa, Wacuka ndiye aliyeanzisha na wengine wakamfuata. Mume wake alikuwa amekufa, masikio yake yalikuwa yamefungwa, na shamba la babake lilikuwa la mtu mwingine; lakini ile sauti alikuwa nayo, na haikuwa na mpinzani kutoka Bahati hadi Makongeni.

Tangu siku ile ya hospitali, sauti ilikataa. Katika harusi alifungua mdomo pamoja na wenzake, ulimi ukacheza, lakini kilichotoka kilikuwa upepo. Hakuna aliyejua ila Wangeci, rafiki yake, kwa kuwa Wangeci ndiye aliyesimama karibu naye siku zote.

Mwaka uliofuata Njoki akashika mimba tena. Mumewe, Johnson, alikuwa dereva wa lori la kwenda Kampala, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kulala nyumbani, Njoki akaja kukaa kwa mamake. Tumbo likakua. Wacuka alilitazama kama mtu atazamavyo mvua ya shamba la jirani. Jambo moja tu ndilo lililomsumbua, na lilimsumbua kila siku. Mtoto akiletwa nyumbani, anayeanzisha ngemi mlangoni ni nyanya. Nyanya akinyamaza, mtoto ameingia kama mgeni asiyebisha hodi. Wa kwanza hakupata kitu. Je, na huyu aingie hivyohivyo?

Akajaribu. Aliwasha jiko la primasi, likanguruma, ili majirani wasisikie. Akajifunika shuka kichwani, akafungua mdomo. Upepo. Akazima jiko kabla mafuta hayajaisha bure.

*

Wacuka na Wangeci waliuza nguo kuukuu sokoni Gikomba, meza zao zikigusana. Wangeci aliuza makoti. Wacuka aliuza nguo za watoto wachanga: fulana, soksi za kufuma, kofia zenye masikio ya sungura. Watu waliojua yaliyompata walishangaa kwamba hakubadilisha bidhaa. Hakuona sababu. Alizikunja na kuzikunjua nguo zile kutwa nzima, na hazikumwambia neno.

Hapo ndipo Javan Amolo alipowakuta. Javan alikuwa mpiga gitaa katika bendi ya hoteli moja ya mjini, na nyumba yake ilitazamana na ya Wacuka. Gitaa lake alilibeba limefungwa blanketi, kama mtoto mwenye homa.

"Mama Njoki, Mama Wangeci, nimewaletea kazi isiyo na jasho."

"Kazi isiyo na jasho ni ya wizi," Wangeci akasema. "Na miguu ya kukimbia hatuna."

"Si wizi. Kuna mwimbaji wa Kizungu amekuja kutoka London, Coral Vane. Picha yake iko gazetini kila siku. Anarekodi santuri na sisi. Sasa anataka vigelegele mwanzo wa wimbo, tena vya wenyewe. Jana tulimletea wasichana wa hoteli, wakalia kama paka aliyekanyagwa mkia."

"Kazaa nani?" Wangeci akauliza.

"Hakuna aliyezaa, mama. Ni wimbo."

"Wimbo wa nini?"

"Wa simba."

"Simba kazaa?"

Javan akacheka mpaka akaegemea makoti. "Simba hajazaa. Simba anatembea usiku, basi. Mimi sikuutunga, mimi napiga gitaa tu. Mtalipwa palepale."

Wacuka alikuwa akiendelea kukunja. Wangeci akamgeukia, akashusha sauti. "Twende."

"Unajua hali yangu."

"Ndiyo maana nasema twende. Koo lako ni kama primasi. Halijafa, limeziba. Twende tukalizibue mbele ya watu tusiowajua. Likikataa, aibu itabaki hukohuko. Au unataka kulijaribu mlangoni siku Njoki amesimama na mtoto?"

Wacuka aliiweka juu ya rundo ile kofia aliyokuwa nayo mkononi. Akasema sawa.

*

Studio ilikuwa katika eneo la viwanda, nyuma ya ghala la magunia. Kuta zake zilikuwa zimebandikwa trei za mayai kutoka chini mpaka juu ili sauti isitoroke. Nyuma ya kioo aliketi Mzungu mmoja mwenye vidude masikioni, naye ndiye aliyekuwa bwana wa mitambo.

Coral Vane alikuwa msichana mwembamba na mpole. Aliwasalimia kwa mikono miwili kama alivyokuwa amefundishwa, akamsalimia hata mfagiaji. Alikuwa miguu mitupu, amevaa vazi la ngozi lililoshonwa vizuri na fundi wa mjini, na masikioni mwake zilining'inia hang'i. Hizo ni zile pete kubwa za shanga za waridi ambazo mama za akina Wacuka walizivaa katika ndewe zao. Kwa kuwa masikio ya msichana yule hayakuwa na tundu la kuzipitisha, alikuwa amezibana kwa vibanio.

Alimwona Wacuka akizitazama. Akamwambia Javan jambo.

"Anauliza kama zimemkaa."

"Muulize kama ana watoto," Wangeci akasema.

Javan akauliza. "Hana."

"Mwambie hizo huvaliwa na mama ambaye mtoto wake wa kwanza amekwisha kutahiriwa. Si za msichana. Ni kama mimi nivae kofia ya jenerali nikanunue sukuma wiki sokoni."

Javan akafikiri kidogo, akatafsiri. Msichana akatabasamu, akaweka mkono kifuani.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia mmesema zimemkaa."

Kisha Coral Vane akanyoosha kidole taratibu na kuligusa kovu la Wacuka, akauliza kitu kwa uso wa huruma. Wacuka hakuhisi kidole. Alikiona tu kwa pembe ya jicho.

"Anauliza ulipatwa na nini."

"Mwambie nilianguka."

Wakawekwa mbele ya kinasa sauti. Wangeci akaanza, kwa kuwa Wacuka alimwonyesha kwa kichwa kwamba aanze yeye. Zikatoka ngemi tano, Wangeci akipiga na Wacuka akitoa upepo kando yake. Yule Mzungu akainua mkono nyuma ya kioo, akasema katika kipaza sauti.

"Anasema ni nzuri sana," Javan akaeleza, "lakini ziwe nne. Wimbo unakwenda kwa nne. Ya tano inaingia juu ya ngoma na kuiharibu."

"Basi tupige tatu."

"Tatu inaacha shimo."

"Shimo na liachwe. Wajukuu wangu wa kike wote wamepigiwa tatu na hakuna aliyeona shimo."

"Mama Wangeci, nne tu."

"Nne ni za nani, Javan? Tatu ni msichana. Tano ni mvulana. Nne ni nani huyo? Kwenu Kisumu huzaliwa kitu gani cha katikati?"

Wapiga ngoma wakacheka. Bwana wa mitambo akasema tena neno fupi, akitazama saa yake.

"Anasema ni sauti tu," Javan akatafsiri. Safari hii hakucheka.

Wangeci akaanza kutafuta kitambaa chake cha kichwa ili aondoke. Wacuka alikuwa amesimama vilevile, mikono imeshikana tumboni. Alikuwa akimwaza yule mtoto. Alikuwa na nywele, muuguzi alisema, na kucha kamili. Alikuwa ametembea safari yote mpaka mlangoni. Ngemi tano zilikuwa zake, zilimngoja. Pungufu yake ilikuwa pumzi moja.

"Tupige nne," akasema.

"Za nani?"

"Mimi namjua mwenyewe."

Wangeci akamtazama, kisha akakiacha kitambaa. Yule Mzungu akaonyesha kidole. Wacuka akafungua mdomo, na sauti ikatoka. Haikupanda polepole, ilitoka nzima, kama ilivyokuwa zamani. Wangeci alinyamaza akamwachia. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Hapo akafunga mdomo, akaliacha lile pengo la pumzi moja mahali pake, na ngoma ikaingia.

Bwana wa mitambo akainua kidole gumba. Coral Vane akamkumbatia Wacuka, macho yamelowa. Yake Wacuka yalikuwa makavu. Aliona tu kwamba nywele za msichana zilinukia sabuni ya matunda.

Walipewa soda, wakalipwa palepale kama walivyoahidiwa. Hakuna aliyedhulumiwa. Njiani Wangeci akasema, "Si nilikwambia? Koo limezibuka."

"Limezibuka," Wacuka akasema. Na ingawa mwili wake ulikuwa na ganzi ileile, aliona kwamba mtoto yule sasa alikuwa na kitu chake. Kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa chake, na hakuna mwingine aliyekijua.

*

Kabla ya mvua kwisha, santuri ikatoka.

Ilianza na ngemi nne peke yake, bila chombo chochote, kisha ngoma, kisha Coral Vane na simba wake. Ikavuma kuliko walivyodhani hata wenyewe. Mafundi wa mbao wa Gikomba waliifungulia redio mpaka misumari ikaruka mezani. Baa zote za Barabara ya Jogoo zilikuwa nayo. Baadaye tangazo la mafuta ya kupikia likaazima zile ngemi nne na kuzitia kabla ya sauti ya chapati ikikaangwa.

Mwanzoni Wacuka alisimama kila zilipolia. Alikuwa akikunja kofia, akaiweka chini, akangoja mpaka ya nne ipite, kama mtu apitwaye na jeneza njiani. Lakini jeneza hilo lilipita asubuhi, likapita mchana, likapita jioni, likapita likiuza mafuta. Baada ya muda alibaki ameketi. Baada ya muda tena aliendelea kukunja. Ukafika wakati ambapo wimbo uliisha na hakujua kama ulianza.

Siku moja akaja mezani kwake msichana wa mtaa wa Buruburu, kiatu kirefu, kumnunulia sweta mtoto wa dadake. Masikioni alikuwa na hang'i za plastiki zilizobanwa kwa vibanio. Siku hizo ziliuzwa mjini katika kila duka la vipodozi.

"Mathe, na wewe tafuta hizi," akasema, akizitikisa. "Zitakutoa mrembo. Ndiyo mtindo."

"Ni za nani?"

"Za Coral."

"Ahaa," Wacuka akasema, akamfungia sweta katika gazeti. Msichana alipoondoka, Wacuka alijishika kovu la sikio, akalifinya kwa kucha. Halikuuma. Akamhudumia mteja mwingine.

Jumamosi iliyofuata Coral Vane akaonyeshwa katika televisheni. Nyumba nyingi za Bahati hazikuwa na televisheni, watu walikwenda kuitazama katika ukumbi wa mtaa. Njoki, mimba ya miezi saba, alikaa kwenye benchi kati ya mamake na Wangeci. Msichana yule alionekana amekaa London kwenye kiti cha manyoya, hang'i zikining'inia, akihojiwa kwa Kiingereza. Njoki alikuwa amemaliza kidato cha nne, akawafasiria.

"Anaulizwa ule mlio wa mwanzo ni nini. Anasema ni mlio wa wawindaji wakimwona simba."

"Nani alimwambia?" Wangeci akauliza.

"Anasema aliusikia porini, alfajiri, ukamtoa machozi."

"Pori la trei za mayai."

Watu waliokaa karibu wakacheka. Kisha santuri ikapigwa, na ngemi nne zikajaa ukumbini. Watoto waliokuwa sakafuni wakaruka wakaanza kucheza. Njoki hakucheza wala hakucheka. Aligeuka akamtazama mamake.

"Maitu," akasema, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyomwita mamake, "hiyo ni sauti yako."

"Inafanana."

"Wewe hufanani na mtu. Mbona ni nne?"

"Wimbo unakwenda kwa nne."

Njoki hakuuliza tena mpaka walipofika nyumbani, na Wacuka ameinama akipepeta maharagwe katika ungo.

"Zilikuwa zake?"

Wacuka aliendelea kupepeta. Maganda yakaruka, yakaanguka sakafuni.

"Zake."

Njoki akakaa kitandani, pale ambapo nepi zilikuwa bado chini yake. "Basi amesikika mbali," akasema. Halafu akaweka mikono juu ya tumbo. "Maitu, huyu akija, asipewe hesabu ile."

"Hatapewa."

"Niahidi."

"Nimesema hatapewa."

*

Mtoto akaja salama. Alikuwa mvulana, mzima, mwenye sauti ya kugombana. Johnson, ambaye kwa bahati lori lake lilikuwa gereji, akaazima pikapu ya rafiki ili awalete mke na mtoto nyumbani. Jina lilikuwa tayari: Thuo, kwa babu yake mzaa baba. Hilo jina lilikuwa limetayarishwa hata mwaka uliopita, likarudishwa kwa mwenyewe bila kutumika.

Habari ikatangulia pikapu. Walipoingia Bahati, wanawake wa kanisa walikuwa wamejipanga mbele ya nyumba na leso zao mabegani, na Javan ametoka na gitaa lake bila blanketi. Vijana wa mtaa nao walikuwa wamekaa ukutani, kama wakaavyo penye kitu cha bure. Wacuka alisimama kizingitini. Alikuwa amevaa gauni lake la chama. Nyuma yake maji ya chai yalikuwa yakichemka, na alikuwa akiwaza kama sukari inatosha.

Njoki akashuka na mtoto. Akapanda ngazi ya kwanza, akasimama, kwa kuwa haingii mtu kabla ya ngemi.

Wangeci akamgusa Wacuka kiwiko. "Haya, primasi."

Wacuka akafungua mdomo. Kwa nukta moja alidhani ni upepo tena. Haikuwa upepo. Ngemi ikatoka, nzima, ikapita juu ya paa za nyumba, na kule mferejini wanawake wakaacha kusugua. Ya pili ikaifuata. Ya tatu. Wanawake waliokuwa na moyo mwepesi walianza kutabasamu, maana baada ya ya tatu hujulikana: ikikatika ni msichana, ikiendelea ni mvulana. Ya nne ikatoka.

Na hapo sauti ikasimama.

Hakuisimamisha yeye. Ilisimama yenyewe, mahali ilipozoea kusimama katika kila redio ya Gikomba na kila baa ya Jogoo. Wacuka alikuwa na pumzi, alikuwa na ulimi, lakini koo lilikuwa limekwisha kufunga kazi. Kukawa na kimya cha pumzi moja. Alikitambua kimya kile. Alikiweka yeye.

Wale vijana wa ukutani nao walikitambua. Walijua kinachofuata. Mmoja akapiga ngoma kwa mdomo, *du-du-dum*, mwingine akadakia, na mara kundi zima likaruka chini, likaanza kumwimba simba na kukata viuno. Watoto wakaingia katikati. Hata akina mama wawili watatu, bila kufikiri, mabega yakaanza kutikisika. Vidole vya Javan vilikuwa vimekwisha kugusa nyuzi. Akaviona, akavitoa, akaliweka gitaa nyuma ya mgongo.

"Nyamazeni, nyinyi," Wangeci akawaambia vijana. "Nyamazeni kwanza."

"Mathe, hiyo ndiyo staili yenyewe," mmoja akamjibu, bila kuacha kucheza.

Wacuka aliwatazama. Hakuwakasirikia. Aliwaona kama waonekanavyo watu wa ng'ambo ya kioo, midomo inacheza na miguu inacheza. Akawaza kwamba mjukuu wake wa kwanza alikuwa akichezewa na umati mkubwa kuliko wa mtoto yeyote wa Bahati, na kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa akimchezea yeye. Wazo lilipita. Maji ya chai yalikuwa yakimwagika motoni, aliyasikia yakifoka.

Akageuka nusu, kwenda kuyatoa.

"Maitu."

Njoki alikuwa bado kwenye ngazi. Hakupanda ya pili. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo wa juu, maana alikuwa mtu wa kulala, si wa kusimama. Johnson nyuma yake alimshika kiuno ili amsaidie kuingia. Njoki akautoa mkono wake.

"Maitu, bado moja."

Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayemkumbusha mwenzake mwavuli. Mtoto alikuwa amefumba macho, ngumi yake imetoka nje ya blanketi.

Wacuka akarudi kizingitini. Akaitafuta. Aliitafuta kifuani, hapakuwa na kitu. Aliitafuta mahali pale ilipotoka siku ya studio, pakawa na ganzi tu, ile ile, kama ukingo wa sikio lake. Akaona kwamba hakuna atakachokipata humo kwa kungoja ahisi kitu. Basi akavuta pumzi tu, kama avutavyo mtu anayetaka kuinua gunia, akausukuma ulimi.

Ilitoka mbovu. Ilikwaruza, ikakatika katikati, ikaungana tena, ikaishia chini badala ya juu. Simba wa vijana aliifunika karibu yote. Kule mferejini haikufika. Baadaye wanawake wa huko wangebishana mpaka jioni nyumba ya Wacuka imepata nini. Lakini Wangeci aliisikia, akapiga kofi moja la mikono. Na Njoki aliisikia.

Akapanda ngazi ya pili, akaingia na mtoto.

Wacuka akawapisha. Kisha akaenda jikoni, akaliepua sufuria kwa pindo la gauni, akaanza kuhesabu vikombe.